Mtu Aliyelala Chini ya Basi Letu

Kwa miaka minne nilizungumza na Papa Fundi karibu kila Jumamosi asubuhi, na katika sehemu kubwa ya mazungumzo hayo sikumwona uso. Yeye alikuwa amelala chali juu ya kipande cha zulia kuukuu chini ya basi la kanisa. Mimi nimekaa kwenye kiti cha dereva, injini inanguruma, magurudumu yamezuiwa na magogo. Kukagua usukani wa gari kubwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anauchezesha usukani kushoto na kulia, kidogo tu. Mwingine yuko chini anatazama vyuma vinavyotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu, aone kiungo kipi kinaitika papo hapo na kipi kinachelewa. Kinachochelewa kimelika.

"Mama Neema, peleka kushoto," sauti ilitoka chini ya miguu yangu. "Rudisha. Tena. Pole pole, haiko ngoma."

Lilikuwa basi la zamani la kubebea wanafunzi, lililopakwa rangi nyeupe na vijana wa kanisa, na kwenye kingo za madirisha manjano ya zamani ilikuwa bado inachungulia. Mimi ni Mtanzania, naishi Euless, mji wa Texas, na siku za kazi nilikuwa naendesha mabasi ya shule. Kwa kuwa nilikuwa na leseni ya kubeba abiria, wazee wa kanisa walinipa ufunguo. Yeye hakupewa chochote. Alifika Jumamosi ya kwanza na zulia lake, akaingia chini, na tangu siku hiyo upande wa chini wa basi ukawa wake.

Jina lake la kwenye vyeti nalijua, lakini sijawahi kumwita kwa jina hilo na sitaanza leo. Kanisa letu lilijaa Wakongo waliopitia makambini kabla ya kufika Texas, na wao walimwita Papa Fundi. Nasi Watanzania na Wakenya wachache tuliokuwemo tukafuata. Kwetu nyumbani ningemwita Mzee. Yeye naye usukani hakuuita usukani. Aliuita direksio, kama walivyofundishwa kule kwao kwa Kifaransa. Kiungo cha mviringo kinachounganisha chuma na chuma, ambacho mimi nilikijua kama boljointi, kwake kilikuwa rotile. Kwenye mtihani wangu wa leseni vitu hivyo hivyo vilikuwa na majina ya Kiingereza niliyoyakariri kama sala. Kwa hiyo tulikuwa na lugha tatu kwa chuma kimoja, na mara nyingine tulibishana robo saa nzima kumbe tunasema kitu kilekile.

Kwenye duara la usukani alikuwa amebandika kipande cha plasta nyeupe. Magurudumu yakiwa yamenyooka, niliusogeza usukani taratibu mpaka yeye aseme gurudumu limeanza kuitika, kisha nikapima plasta imetembea umbali gani. Vidole vitatu ndio uliokuwa mwisho. Zaidi ya hapo, basi halitoki. Baada ya hapo alitazama kama mafuta ya usukani yanavuja, akagusa mkanda wa pampu, akainua ekseli ya mbele kwa jeki na kulitikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, juu na chini, kisha kushoto na kulia. Yote hayo aliyaandika kwenye daftari la shule, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Mwaka wa kwanza aliniamuru nishuke nilale pale alipokuwa yeye, na gauni langu. Alipanda kwenye kiti, akaniambia niweke kiganja juu ya kile kiungo.

"Funga macho," akasema. Akauchezesha usukani. "Umesikia?"

Nilisikia. Kilikuwa kitu kidogo, kama kidole kinapoalika.

"Nimesikia, Papa."

"Basi hata ukikaa juu utasikia. Direksio inasemaka na mikono kwanza, macho nyuma."

Nilikuja kujua baadaye kwamba hilo lilikuwa darasa ambalo hakulitoa kwa watu wengi. Alikuwa mchoyo wa kusifu. Kama umefanya vizuri, alinyamaza. Kama umefanya vibaya, alisema mbele za watu. Lakini aliwaambia wazee wa kanisa, nami nikiwepo, "Mama Neema anasikia." Maneno hayo niliyabeba nyumbani kama zawadi. Leo nikiyakumbuka, yananichoma.

Alikuwa na semi zake. Aliyoirudia zaidi ilikuwa hii: "Breki ikikataa, bado uko dereva, unaweza kutafuta fasi ya kugonga. Direksio ikikataa, hauko dereva tena. Uko abiria, sawa na wale wa nyuma." Nyingine ilimuudhi Mchungaji. Kila basi lilipotaka kuondoka tulilizunguka tukaliombea, na Papa Fundi aliomba nasi, macho amefumba, mikono juu. Amina ikishatoka, alisema kwa sauti ya kusikika, "Mungu analinda watu, lakini hafungaki nati." Mchungaji alimwambia mara kadhaa kwamba neno hilo linawakwaza washirika wachanga. Papa Fundi alimsikiliza kwa heshima, na safari iliyofuata akalisema tena.

Msidhani alikuwa mtu wa mpangilio. Gari lake mwenyewe lilikuwa dogo, bampa ya mbele imefungwa kwa kamba, kioo cha pembeni cha abiria hakipo. Aliliendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukishika simu ya mtu aliyekuwa Bukavu. Mkanda alifunga alipoona polisi. Vidonge vya presha alivisahau wiki nzima, halafu akameza viwili kwa mpigo ili kufidia. Nilipomgombeza alicheka. "Mimi niko gari ya mutu mumoja," alisema. "Ile ingine iko ya watu."

Hakuwa mpole pia. Aliwahi kugombana na kwaya kwa sababu ya sauti ya spika mpaka akakaa mwezi mzima akisali nje, kwenye ngazi. Kwenye harusi alilia kuliko mama wa bibi harusi. Na kuhusu mahali alipoitoa hofu yake ya usukani, alitudanganya wote. Mimi aliniambia ni lori la chumvi lililowahi kumshinda kwenye mteremko. Kwa Mchungaji alisema ni ajali ya kaka yake. Kwa mama mmoja wa jikoni alisema hapakuwa na kitu, ni kwamba yeye ni mwoga tu tangu tumboni. Niliacha kuuliza. Labda moja ilikuwa kweli, labda hakuna.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kwenye yadi ya malori karibu na uwanja wa ndege, kukagua magari kabla hayajatoka. Dereva mmoja Mkenya, aliyesali nasi kwa muda, alinisimulia jinsi alivyokutana naye huko.

"Huyo mzee wenu aliniharibia siku," aliniambia. "Niko na mzigo wa strawberry, inaoza, na yeye anasema gari haitoki. Nikamwambia, mzee, hii nime-drive kutoka California, iko poa. Alinishika mkono, akaniweka chini huko, akamwambia mwenzake azungushe stelingi. Nikasikia hiyo kitu ikigonga. Mama Neema, mimi mwenyewe ndio nilienda ofisini kukataa hiyo gari."

Ndivyo alivyofanya kazi. Hakuwa na maneno ya kukushawishi. Alikuwa na mikono yake, na aliamini kwamba ukiweka wako pale alipoweka wake, mtaelewana.

Nimechelewesha habari ya safari ya Missouri City, na sababu naijua.

Jumamosi moja alipata kiungo kimelika, kile kikubwa kinachopokea nguvu kutoka kwenye sanduku la usukani. Akaagiza kipya. Jumanne kikaja, saizi siyo. Wakaahidi cha pili kingefika Jumanne iliyofuata. Halikuwa jambo la kutisha; hatukuwa na safari. Ila Jumatano ya wiki hiyohiyo alifariki binti mmoja aliyekuwa akiimba kwenye kwaya yetu, aliyehamia Missouri City, kule Houston, na mumewe. Aliugua siku tatu tu. Maziko yakapangwa Jumamosi saa nane mchana, na mama yake mzazi alikuwa huku kwetu, Euless. Wenye magari na ruhusa za kazi walitangulia Ijumaa. Waliobaki walikuwa watu arobaini na mmoja, wengi wao wametoka zamu za ghala asubuhi ileile, na basi lilikuwa moja.

Nilipofika saa moja asubuhi, Papa Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa basi. Zulia lake lilikuwa limekunjwa magotini. Mchungaji alikuwa amesimama mbele yake.

"Leo haitoki, Mchungaji," alisema. "Rotile ya direksio imekufa. Ile mupya itafika Jumanne."

"Imekufa, au inakaribia kufa?"

"Iko nacheza. Ile Jumamosi ilikuwa nacheza kidogo. Leo iko nacheza sana."

Mchungaji hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alikuwa hajalala siku mbili, akipiga simu kwa kila kampuni ya kukodisha mabasi, na hakupata. Alionyesha kioo cha mbele. "Karatasi ya ukaguzi wa mwaka bado haijaisha muda, Papa."

"Karatasi haijui rotile."

"Basi niambie jambo moja. Itakatika leo?"

"Sijui. Inaweza kumaliza mwaka. Inaweza kukatika njiani, pale Corsicana."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Juu ya ile nasema haitoki."

Mchungaji akanigeukia. "Mama Neema, wewe ndiye dereva. Unasemaje?"

Sikuweka mkono wangu chini kule. Ningeweza. Ingenichukua dakika mbili, na ningesikia alichokisikia yeye. Badala yake nilisema, "Tukienda polepole, Mchungaji, tutafika."

Papa Fundi aliniangalia. Ndipo mama wa marehemu akaja. Alikuwa na nguo nyeusi, viatu kavishika mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Hakulia, hakumbembeleza mtu. Alisimama mbele ya ngazi, akasema, "Papa, unipishe nipande."

Akampisha. Sijui ni mwanamume gani angekaa. Watu wakapanda nyuma yake mmoja mmoja, na Papa Fundi akatandika zulia akaingia chini. Tulimsikia akigongagonga kwa dakika kama kumi. Alipotoka alikuja dirishani kwangu.

"Nimefunga vile inawezekana. Vyombo vyangu viko chini ya kiti yako," alisema. "Mama Neema, ukisikia kitu, simamisha. Hata kama wote wanalia, simamisha."

"Sawa, Papa."

Hakupanda. Kwenye daftari, nilikuja kuona baadaye, siku ile aliandika neno moja tu: haitoki.

Tulipita Corsicana salama, na watu nyuma wakaanza kuimba. Kama nusu saa mbele yake ndipo nikasikia. Kwanza ule mlio mdogo kwenye viganja. Kisha usukani ukaanza kutembea bure: vidole vitatu, vinne. Malori makubwa yalipotupita, upepo wao uliusukuma ubavu wa basi, nikaurudisha usukani, na kwa kitambo kidogo hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama nimeshika sahani. Halafu basi likaitika, kwa ghafla, na mimi nikalazimika kulirudisha tena. Nikapunguza mwendo.

"Mama Neema," Mchungaji aliniita kutoka kiti cha nyuma yangu, kwa upole, "tutachelewa kuzika."

Sikusimama. Nilipita vituo vitatu vya mafuta. Kila kimoja nilijiambia, kile kinachofuata. Nyuma walikuwa wanaimba wimbo ambao marehemu alizoea kuuanzisha, na mama yake alikuwa anaimba nao, na mimi nilikuwa nahesabu vidole. Kabla ya Huntsville nikaingia kituoni, nikatangaza watu wajisaidie, nikasema naenda kutazama matairi.

Nililala juu ya lami na nguo yangu ya msibani. Pini ya kufungia nati haikuwepo. Ilikuwa imekatika na kudondoka, mahali fulani kwenye barabara ile. Nati yenyewe ilikuwa imejifungua nusu nzima, na kiungo kilining'inia kwenye nyuzi chache za bolti zilizobaki. Nilitoa spana kwenye boksi la Papa Fundi, nikakaza mpaka nati ikakataa kuzunguka. Pini ya akiba sikuona. Nikapanda ndani, nikachukua hanga moja ya waya iliyobeba majoho ya kwaya, nikaikunjua, nikaipitisha kwenye tundu na kuisokota. Nikapangusa mikono. Watu wakarudi na soda zao.

"Matairi mazima?" mmoja aliniuliza.

"Mazima."

Tulizika saa nane. Mama wa marehemu alinishika mikono yote miwili pale kaburini, mikono ileile, akasema, "Wewe ndiye uliyenifikisha." Tulilala kwa wenyeji, na Jumapili tukarudi Euless, saa sita barabarani, na ule waya.

Jumatatu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kulikaribia basi, nililipeleka gereji moja ya Wameksiko kule Mansfield, mbali na watu wetu. Fundi wa pale alikifungua kiungo, akakishika mkononi, kikalegea kama jino la mtoto. Aliutazama waya, akanitazama mimi, akafanya ishara ya msalaba. Aliweka kipya. Cha zamani nilikiomba, nikakitia kwenye pipa la takataka nyuma ya duka, nikasikia kilivyoangukia chini.

Jumanne Papa Fundi akaja na boksi la kile kiungo alichoagiza. Aliingia chini ya basi, akatoka.

"Wameweka mupya."

"Niliona upumzike, Papa. Nilipeleka mwenyewe."

"Njiani ilisumbua?"

"Haikusumbua."

"Ile ya zamani ilikuwa namna gani? Walisema nini?"

Hapa ndipo nilipoweza kuokoa kila kitu. Lakini nilikuwa nimebeba watu arobaini na mmoja kwenye gari nililoambiwa lisitoke, nikasikia lilivyo, na nikaendelea. Habari hiyo ikifika kwenye ofisi ya mabasi ya shule, leseni yangu imekwenda, na leseni ile ndiyo iliyowalisha wanangu watatu. Nikasema, "Walisema ingeweza kuendelea kidogo."

Alisimama na boksi mikononi. "Ingeendelea," alirudia. Kisha akalirudisha kwenye gari lake.

Jumapili, Mchungaji alihubiri juu ya hofu. Hakumtaja mtu. Ila katikati alitabasamu, akasema, "Yuko wapi dada yetu dereva? Hebu simama. Basi lilikusumbua?" Nikasimama. Papa Fundi alikuwa safu ya tatu, kageuza shingo kunitazama, na usoni mwake hapakuwa na hasira. Alitaka tu kujua.

"Halikunisumbua, Mchungaji."

Watu wakapiga makofi. Mlangoni baada ya ibada Papa Fundi aliningojea, akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, "Kweli?"

"Kweli, Papa."

"Basi ni mikono yangu," alisema. "Imezeeka."

Nilitegemea atakasirika, na hasira ningeiweza. Sikutegemea kwamba ataniamini. Wiki chache baadaye aliacha kuja Jumamosi. Kisha nikasikia ameacha kazi ya yadi. Aliwaambia wakubwa wake hataki tena kutia saini gari la mtu. Akaenda kupanga maboksi ghalani, pamoja na watu wa nusu ya umri wake. Mama mmoja wa kanisa aliniambia tukiosha vyombo, "Maskini Papa Fundi, anasema mikono yake inamdanganya. Lakini umri ndiyo huo." Nikasema ndiyo, umri. Mwaka uliofuata alihamia kwa binti yake, na ambako binti yake anaishi ni Missouri City.

Nilimkuta huko mwaka huu, miaka sita baadaye. Nilikwenda kwenye sherehe ya kumuaga bibi harusi, na mchana wake nikaomba anwani. Binti yake ni muuguzi. Alifika nchi hii mdogo, Kiswahili anakisikia vizuri ila hujibu kwa Kiingereza. Alinikaribisha jikoni. Baba yake alikuwa mezani na redio ndogo. Alikuwa amekonda, lakini alinitambua kabla sijasalimu.

"Mama Neema! Watoto?"

Tuliongea habari za watoto, za waliohama, za Mchungaji aliyestaafu. Binti akatuwekea chai akaenda chumba cha pili. Hapo nikasema, kwa sababu kama nisingesema wakati ule, nisingesema kamwe, "Papa, lile basi lilisumbua."

Hakuuliza basi gani. Alizima redio.

"Pini ilikuwa imelegea, ao haikuwa?"

"Haikuwepo kabisa."

"Na nati?"

"Ilikuwa imerudi nyuma nusu."

"Ulifunga na nini?"

"Waya wa hanga."

"Mukarudi na waya?"

"Tukarudi nao."

"Watu arobaini na moja."

"Ndiyo, Papa."

Aliweka viganja juu ya meza. "Unajua mimi nilisema nini? Nilisema, labda Mama Neema hakusikia. Alikuwa na huzuni, watu wanaimba, hakusikia. Halafu nikasema, hapana, yule anasikia. Kama hakusikia, hapakuwa kitu. Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza."

Akainuka, akamwita binti yake. Alipokuja, alimwonyesha mahali pa kusimama, karibu na jiko, kama mtu anayepanga mashahidi.

"Mwambie huyu," aliniambia. "Mwambie kwa Kiingereza, asikie muzuri. Usiache kitu."

Nikasimama na mimi. Nilimwambia yote kwa Kiingereza changu cha kazini: pini, nati, waya, vile vituo vitatu nilivyovipita, gereji ya Mansfield, pipa la takataka, ile Jumapili. Binti alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, aliuliza kama baba yake alikuwa sahihi tangu mwanzo. Nikasema alikuwa sahihi. Akaniambia kwamba mwezi ule baba yake alipohamia kwao, aligawa vyombo vyake vyote vya ufundi kwa vijana wa mtaani kwa mchana mmoja, na kwamba funguo za gari alimkabidhi yeye binti, akisema hawezi tena kujua gari likiwa bovu. "Nilimpeleka kwa daktari," alisema. "Madaktari wawili. Walitafuta ugonjwa kwenye mikono yake."

Kisha akaniuliza swali jingine, na baba yake akataka kujua ameuliza nini. Binti akajikaza kwa Kiswahili: "Nimeuliza, kwa nini leo?"

Wakaningoja wote wawili. Nilitafuta jibu zuri, na nililokuwa nalo ni la kweli tu.

"Nimeacha kuendesha," nikasema. "Mwezi wa tano nimestaafu. Leseni nimeirudisha."

Papa Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeona kwa macho alichokuwa anakipapasa.

"Basi leo hauna kitu ya kupoteza," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alikaa, akasogeza kikombe changu karibu nami, akaniambia chai inapoa. Nilikunywa yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyeniambia nikae tena. Nilipoaga, aliitikia bila kuinua uso. Binti yake ndiye aliyenifungulia mlango.